Punje Nyeusi za Rumena

Rumena Pashova alipogundua kwamba punje zake zinavuja, hakumwambia mtu. Alirudia jaribio. Akalirudia tena kwa vyombo vipya, akiomba kosa liwe la mkono wake na si la kitu alichokitengeneza. Jibu likawa lile lile. Ndipo aliposhuka ngazi za maabara akaja kwangu kwenye mizani ya malori, akaniuliza kama kaka yake amerudi.

"Ameenda bandarini Lom kuonana na watu wa meli," nikamwambia. "Una nini? Umekuwa mweupe kama jibini."

"Mkono wa Galin unaendeleaje?"

Galin ni mume wangu. Siku chache kabla ya hapo alikuwa anakaza nati chini ya sufuria ya pili ya kiwandani, tone moja likamwangukia mkononi. Tulidhani ni joto tu. Lakini kidonda kilichimba kwenda chini, kikawa cheupe pembeni, na daktari akamuuliza kama tunashughulika na asidi kali. Galin akamjibu kwa fahari kwamba asidi kali kiwandani kwetu haipo, imefungwa ndani ya punje, haitoki. Ndivyo tulivyofundishwa wote, na aliyetufundisha ni Rumena.

"Unachelewa kupona," nikasema.

Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akabaki anaitazama mizani.

Mji wetu uko ukingoni mwa mto Danubi, na ukipita barabarani utakutana na matangazo ya misiba mengi kuliko watu. Kila nguzo, kila mlango, picha za marehemu. Vijana wako Ujerumani, Uingereza, Hispania. Zamani tulikuwa na kiwanda kikubwa cha kemikali, na baba yao Rumena na kaka yake Ognyan alifanya kazi humo mpaka mapafu yake yakakataa. Serikali ya kikomunisti ilipoanguka, kiwanda nacho kikafungwa. Walioweza waliiba vyuma, na wasioweza waliondoka.

Ognyan alikuwa mmoja wa walioondoka. Akawa mhandisi Stuttgart, akanenepa, akapata upara, halafu siku moja akarudi. Aliuza nyumba yake ya huko, akachukua banda moja la kile kiwanda kilichokufa, akampigia simu mdogo wake aliyekuwa anafundisha kemia Sofia. "Njoo na zile punje zako," akamwambia. Rumena akaja.

Tulichofanya kilikuwa hivi. Wakulima walituletea magunzi ya mahindi, ambayo awali waliyachoma tu. Tuliyapika kwenye mitungi ya shinikizo, tukayachuja na kuyasafisha, tukapata asidi laini isiyokula chuma. Asidi hiyo ukiichemsha na spiriti peke yake utakesha. Inahitaji kichocheo. Ukikiweka, inageuka esta, kimiminika chepesi chenye harufu ya matofaa yaliyoiva, kinachotakiwa na watengeneza manukato na wachanganyaji wa dizeli. Wakati wa baba yao kichocheo kilikuwa asidi ya betri, inamwagwa humo humo, na ilikula mabomba, ikala vifua vya watu, kilichobaki kikaenda mtoni. Rumena alibuni njia nyingine. Aliyachoma magunzi yale yale yakawa makaa, akayapa asidi kali ikang'ang'ania juu ya makaa, akapata punje nyeusi kama kahawa iliyosagwa kwa kinu cha mkono. Unaziweka, zinafanya kazi, unazichuja, unaziosha, unaziweka tena. Ognyan aliwaambia wageni kwamba ni majani ya chai yasiyochujuka rangi.

Na kwa kuwa asidi kali ilikaa kwenye punje, hatukuhitaji mabomba ya chuma ghali. Ognyan alitumia yale ya kawaida aliyoyakuta bandani. Bila hivyo asingeweza kufungua.

Siku ile aliporudi kutoka Lom, Rumena hakumngoja hata avue koti. Waliongea mbele yangu, maana kibanda changu kilikuwa njiani.

"Kaka, punje zinavuja."

"Zinavuja nini?"

"Asidi. Inaachia makaa inaingia kwenye maji. Nimezichuja katikati ya mchemko, kila kitu kikiwa moto bado. Kama kazi ni ya punje, ukizitoa kazi isimame. Haikusimama, kaka. Maji matupu, bila punje, yaliendelea kutoa esta."

"Na Sofia hukuliona hilo?"

"Sofia nilikuwa nachuja yakishapoa, na yakipoa asidi inarudi kwenye makaa. Nilikosea."

Ognyan akavua kofia, akajikuna upara. "Esta inatoka?"

"Inatoka."

"Pungufu?"

"Si pungufu. Ndiyo maana hatukujua."

"Basi mimi sioni ugonjwa hapo, Rumi."

"Ugonjwa uko kwenye bomba. Nimeazima kipimo cha unene wa chuma kwa mafundi wa meli. Ile kona ya chini ya sufuria ya pili imebaki kama ganda la yai."

Ognyan aliirudisha kofia kichwani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mcheshi, na sauti ya chini aliyoitumia sasa ilinitisha kuliko kama angefoka. Akasema, "Wanunuzi wa Kiholanzi wanaleta meli Ijumaa. Wakikuta tangi halijajaa wanakwenda kwa wengine, na hawarudi. Mchemko huu na unaofuata, basi. Halafu tunazima, tunabadilisha bomba zima, na wewe unatengeneza punje nyingine."

"Na kona isiposhika?"

"Imeshika mpaka leo."

"Baba alikuwa anasema hivyo hivyo."

"Baba mwache alale," Ognyan akasema, akaondoka.

Jumapili nilipeleka chupa ya pilipili za kusaga kwa mama yao, Bibi Tsona, jirani yangu, nikawakuta mezani. Alikuwa amewapikia kuku na wali, na hapakuwa na anayekula. Nilitaka kuweka chupa nitoke, lakini Bibi Tsona akanivuta kiti.

"Kaa, Stoyka. Wewe ni mtu wa mizani, utupimie. Huyu mwanangu ameacha Ujerumani, ameuza nyumba, amekuja kuwapa watu kazi. Huyu binti yangu anataka azime kiwanda kwa sababu ya tone."

"Si tone, mama," Rumena akasema.

"Ni nini?"

"Bomba limeliwa."

"Baba yenu alifanya kazi na mabomba yaliyotoboka maisha yake yote. Alikuwa anayafunga matambara."

"Na alikufa, mama."

"Alikufa akiwa na kazi," Bibi Tsona akasema. "Watu wote wa mtaa huu walikuja kumzika. Mimi nikifa leo nani atanibeba? Mapadri wawili na Stoyka?" Akamgeukia mwanawe. "Usimsikilize. Tangu akiwa mdogo alikuwa anaogopa kivuli cha jagi."

Ognyan alikuwa ameinamisha macho kwenye sahani. Akasema taratibu, "Kula, mama. Wali unapoa." Rumena alinitazama kama anayeniomba niseme neno. Nilikuwa na mume mwenye kidonda na binti anayesoma Varna kwa mshahara wetu. Nikasema kuku ni mtamu.

Jumatatu asubuhi Rumena alisimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, akawaeleza wafanyakazi wote, bila kuficha hata lake. Alisema punje ni zake, kosa ni lake, na asingependa mtu asimame karibu na sufuria ya pili. Walimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha fundi mmoja wa mitungi akasema, "Bibi kemia, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila ukizima, wewe unarudi Sofia kwenye vichupa vyako. Sisi tunakwenda Hispania kuinama kwenye stroberi."

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mwambie na bosi atuletee cheti cha daktari kwamba bomba linaumwa, tupumzike wote."

Hata Galin wangu, na bandeji yake, akasema, "Limenidondokea mimi, na mimi ndiye ninayesema twende kazini."

Rumena akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja kwenye vali kuu ya mvuke, akaifunga. Akalichomoa gurudumu lake akalikumbatia. Mitungi ikaanza kupoa, unausikia mlio wake ukishuka. Ognyan alikuja kutoka ofisini bila kukimbia. Alilitoa gurudumu mikononi mwa mdogo wake polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akamshika mkono akamtembeza mpaka getini.

"Nenda kwa mama."

"Kaka, nakuomba."

"Nenda. Usirudi mpaka meli iondoke. Nimemwambia mlinzi."

"Utaua mtu, Ognyan."

Alifunga geti. Alingoja mpaka Rumena akavuka barabara, ndipo akageuka. Alipopita kwenye kibanda changu nikaona midomo yake imekauka.

Kuanzia hapo alifanya mambo ambayo wakati ule tuliyachekea. Alileta mifuko ya mchanga akaipanga kuzunguka sufuria ya pili. Alimtoa Galin kwenye vali za pale akampeleka nje kwenye matangi, akimwambia ni kwa ajili ya mkono wake. Nafasi ya Galin akaishika mwenyewe, bosi mzima na ovaroli iliyokataa kufunga vifungo tumboni. Vijana walimtania kwamba anajifunza kazi uzeeni. Yeye akawajibu kwamba Ujerumani kila bosi huanza hivyo, akachukua sigara kwa mmoja, akaiweka nyuma ya sikio. Humo ndani haivutwi.

Alhamisi ulikuwa mchemko wa mwisho. Jua lilikuwa kali, na wapishi walikuwa wameleta sufuria ya maharage kwenye kivuli cha mizani. Ognyan akatoka bandani, akapiga makofi.

"Wote mkale."

"Wote?" Galin akauliza. "Na sufuria?"

"Leo naisimamia mimi. Nenda ukale maharage, Galin. Usinifanye niseme mara mbili."

Tukaenda. Nakumbuka tulikuwa tunamcheka mtu mmoja aliyejimwagia mchuzi. Hatukusikia mlipuko, maana haukuwepo. Kilichosikika kilikuwa kama pumzi, kama gurudumu la lori limechanika mbali. Kisha harufu ya matofaa ikajaa uwanjani, tamu, nzito, mpaka mate yakanijaa mdomoni, na nikawaona wenzangu wamesimama na vijiko vyao wakinusa. Galin ndiye wa kwanza kutupa sahani. Alikuwa amefika nusu ya uwanja moto ulipowaka. Mvuke wa spiriti ulikuwa umekuta cheche mahali fulani, na banda zima likawa bluu, halafu njano.

Walimshika Galin watu watatu. Angeingia.

Tulikuwa tumekaa karibu sana na tangi kubwa la spiriti, tukingojea nalo lilipuke. Halikulipuka. Wazimamoto walipoingia walimkuta Ognyan mbali na kona ya bomba, chini ya vali inayotoka kwenye tangi lile. Alikuwa ametambaa mpaka pale. Vali ilikuwa imefungwa mpaka mwisho.

Bado alikuwa anapumua. Rumena alifika na ndara za nyumbani, alikuwa amekimbia tangu kwa mama yake, na mlinzi hakumzuia. Walipompandisha Ognyan kwenye gari la wagonjwa alipanda naye. Sijui waliongea nini, au kama waliongea. Ognyan alifia njiani kuelekea Sofia.

Wakaguzi walikuja, na mwanasheria wa wale walionunua hisa za kiwanda pamoja na Ognyan. Yule mwanasheria alikaa na kila mmoja wetu, mpole, akituuliza kama hatudhani kwamba marehemu, ambaye hakuzoea vali, alikosea kuzifungua. Wengi walisema huenda. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Bosi amekufa, hawezi kufungwa, na ikiwa ni bahati mbaya bima inalipa na banda linajengwa upya. Hata Galin alisema huenda.

Rumena alikataa. Aliwaambia wakaguzi kwamba punje zilikuwa zinavuja, kwamba hakulijua hilo kwa kuwa alichuja vibaya Sofia, kwamba alipolijua alimwambia kaka yake, na kaka yake alielewa. Walimuuliza tena kama ana hakika alielewa. Akawaonyesha mifuko ya mchanga.

Bima ikakataa. Wenye hisa wakaondoka. Mjini wakasema amemuua kaka yake mara mbili, kwanza kwa punje, pili kwa mdomo. Duka la mikate likaanza kumwambia mkate umekwisha huku mikate ikionekana rafuni. Mimi mwenyewe nilivuka barabara mara moja nilipomwona, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Angeweza kunyamaza," Galin alikuwa akisema kila jioni. "Nani angeumia akinyamaza?"

Kisha wakaguzi wakamwita Galin awasaidie kuikata ile kona, kwa kuwa ndiye aliyeifahamu. Alirudi nyumbani, akakaa mezani, hakugusa chakula. Nilimuuliza kulikoni.

"Nimeingiza kidole gumba," akasema. "Sikutumia nguvu. Kimepita."

"Kimepita wapi?"

"Kwenye chuma, Stoyka. Pembeni kabisa ya tundu, mahali palipokuwa bado pazima. Nafasi ile ilikuwa yangu. Amenitoa yeye." Akaufunika uso kwa mkono mzima na ule wenye bandeji, akakaa hivyo mpaka nikamwondolea sahani.

Kesho yake alikwenda kwa Rumena. Hakuniambia alichosema huko, ila alipotoka alipitia duka la mikate, akamnunulia mkate, akarudi kumpelekea.

Bibi Tsona alikuwa hasemi na binti yake. Waliishi nyumba moja, Rumena akipika, mama akila au asile, wala neno. Arobaini ya Ognyan ilipofika tulikwenda makaburini wachache. Rumena alikuwa amechemsha ngano kama inavyotakiwa, akaipamba kwa sukari, lakini msalaba wa juu ulitoka umepinda. Padri akasoma, akaondoka. Tukagawiwa ngano kwenye vikombe vya karatasi. Bibi Tsona hakupokea. Alikuwa anaitazama picha ya mwanawe.

"Alijua?" akauliza. Tulidhani anaongea na picha.

"Alijua, mama," Rumena akasema.

"Wewe ulimwambia. Na mimi nikamwambia asikusikilize."

"Mama."

"Nilimwambia mezani. Stoyka alikuwepo." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Stoyka, nilisema au sikusema?"

Ningeweza kumdanganya. Rumena akanitangulia. Akasema, "Ulisema, mama. Na mimi nilizitengeneza punje. Kaa chini, umechoka."

Akamkalisha kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akamtupia koti mabegani. Bibi Tsona akachukua kikombe kutoka mkononi mwa binti yake, akala kijiko kimoja, akatema, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tunamsikia analia, hata siku ya mazishi hakulia. Alilia kwa sauti mbaya, kama mnyama, na Rumena akasimama akimshikilia kichwa tumboni mwake.

Majira yale Rumena aliandika kwenye jarida la wanakemia kwamba punje zake zinavuja zikiwa moto, na kwamba atakayezijaribu aanze kwa kuzichuja zikichemka. Wenzake wa Sofia waliokuwa wameandika naye walikasirika, mmoja alimpigia simu kumtukana. Ametengeneza nyingine, nyeupe, za madini badala ya makaa. Haziachii asidi, amezichuja moto mara kwa mara. Ila zina uvivu, esta inatoka kidogo, na hakuna mtu wa kuzijengea banda. Sasa anapima maji ya kunywa katika maabara ya Lom, anakwenda kwa basi na kurudi.

Sisi tulikwenda Hispania, Galin na mimi, kwenye stroberi, kama yule fundi alivyosema. Tuko wengi wa mji wetu hapa, karibu kiwanda kizima. Jumapili nampigia Rumena. Hatuongei mambo makubwa. Namuuliza mama anaendeleaje.

"Leo amekula," aliniambia mara ya mwisho. "Supu yote. Halafu ameniuliza kama Ognyan amepita."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia yuko kazini."

Nikaisogeza simu sikioni. Nyuma yake nilimsikia Bibi Tsona akiita, anataka afunguliwe dirisha, na Rumena akasema ngoja kidogo, akaiweka simu mezani akaenda kulifungua.